Magari Yaliyokuwa Yakimsubiri Masanja

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu anayeijua barabara kuliko mimi, anaweza kudanganywa na barabara niliyoichora mimi?

Ukilisoma haraka linaonekana swali la kujibiwa kwa neno moja. Mimi nilikaa nalo karibu wiki nzima. Nililigeuza kama chapati mpaka likaungua pande zote mbili, na bado sikuliepua. Nitawaeleza lilitoka wapi, lakini sitakwenda moja kwa moja, kwa sababu hata mimi sikulifikia moja kwa moja.

Nawaandikia ninyi wa klabu ya kompyuta, mnaobaki darasani baada ya kengele na kuniuliza, "Madam, gemu inatengenezwaje?" Huwa nawajibu kwa mkato kwa sababu mlinzi anatikisa funguo mlangoni. Kazi ile ya kutengeneza gemu nimeistaafu. Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi na kiinua mgongo, nami sina hata kimoja. Lakini mtu aliyefanya kazi moja kwa moyo wake wote, ikaisha, na sasa akiisimulia anajikuta anasema "enzi zetu", mnataka aitwe nani?

Nilipomaliza chuo nilirudi Katindiuka kwa mama, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, nikaanza kungoja kazi. Niliandika barua za maombi, nikazisoma upya, nikaanza kujiuliza kama "Ndugu Mkurugenzi" inatosha au inafaa iwe "Mheshimiwa", na barua nyingine hazikutoka nyumbani kabisa. Mama alikuwa akipita na jembe begani ananiambia, "Editha, mpunga hausubiri uamue." Nikawa namfuata shambani, na huko nako nilikuwa nawaza kama mistari yangu ya kupandikiza imenyooka.

Ndipo nikasikia kwamba kuna kaka anaitwa Dismas, amefungua chumba cha gemu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ifakara mjini, na anatafuta mtu anayejua kuandika programu. Nilikwenda. Tatizo langu la kwanza halikuwa programu, lilikuwa salamu. Dismas alikuwa na uso wa kaka na tumbo la baba mdogo. Nikimpa shikamoo labda nitamzeesha. Nikimpa habari za asubuhi labda nitamvunjia heshima. Basi siku za mwanzo nilikuwa naingia nikikohoa.

Siku moja akaacha kufunga nati za kompyuta akaniangalia. "Una kifua?"

"Hapana."

"Basi amkia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hivi unaniona mzee kiasi hicho?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile najibu kichwani, kila mara jibu tofauti.

Dismas alikuwa ameishi Dar miaka kadhaa, akifanya kazi na vijana wenzake katika chumba kimoja walichokiita studio, wakitengeneza michezo midogo ya zile simu za vitufe. Studio ilipokufa alirudi nyumbani na neno lake. Akaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wetu: STUDIO. Kesho yake asubuhi kulikuwa na foleni ya watu wamevaa mashati yaliyonyooshwa, wanataka picha za pasipoti. Tuliwaeleza sisi ni studio ya gemu. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka Chita kwa treni alisikiliza maelezo yote kwa heshima, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikae wapi?" Dismas akaning'iniza kitambaa cha bluu ukutani, akaazima kamera. Wadogo zangu, mkisikia mtu anawaambia alianza kutengeneza gemu kwa mtaji mkubwa, kumbukeni kwamba yetu ilijengwa na nyuso za watu wasiotabasamu.

Kompyuta zetu zilikuwa za chogo, zile ambazo kisogo ni kirefu kuliko uso. Ofisi moja ilikuwa imezitupa ilipopata mpya. Ukizilazimisha kuchora barabara kwa njia ya siku hizi, yenye vivuli na milima unayoweza kuizunguka, zilikuwa zinapata joto na kulala. Mimi nilitoka chuo nikiwa na njia ya siku hizi tu kichwani. Nilimwambia Dismas kwamba haiwezekani, na nilikuwa na hoja zimepangwa vizuri.

"Wale wa kwanza kabisa," akasema, "unadhani walikuwa na mashine nzuri kuliko hizi? Walikuwa na mbovu zaidi."

Akanisimulia. Mmoja wa michezo ya mwanzo ya mbio za magari ulikuwa wa usiku: kioo cheusi chote, na nguzo nyeupe pande mbili zinazokuja zikipanuka. "Unajua kwa nini usiku?"

"Kupendeza?"

"Giza halichorwi. Mashine haikuwa na nguvu ya kuchora kitu kingine."

"Na gari?"

"Gari ni stika. Waliibandika juu ya kioo."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilipanda boda kurudi nyumbani nikiwaza stika ile. Mtu ameketi mbele ya kioo, anashika usukani, jasho linamtoka, na gari lenyewe limegandishwa kwa gundi. Halijawahi kwenda popote. Na mtu yule angekwambia kwa kiapo kwamba aliliendesha.

Siri ya michezo ile ya zamani ni hiyo, na ndiyo jibu langu la kwanza kwenu: gari haliendi, barabara ndiyo inayokuja. Chukua mkeka wa rangi mbili. Ukate mistari ya kulala, kila mstari wa mbali uwe mwembamba na mfupi kuliko ulio karibu nawe. Hiyo ni barabara. Ukiisogeza mistari chini kwa mpangilio, rangi iliyokolea ikifuatwa na iliyofifia, jicho linaapa kwamba linakwenda kasi. Ukitaka kona, sogeza kila mstari pembeni kidogo zaidi ya ule wa chini yake. Ukitaka mlima, ibane mistari ya juu. Mimi mara ya kwanza nilikosea upana wa rangi, na kila mchezaji alipoongeza kasi, barabara ilionekana inarudi nyuma. Dismas aliangalia muda mrefu. "Hii ni ya kurudi Dar," akasema.

Aliniambia pia kwamba studio za wakati ule zilikuwa watu wawili au watatu chumbani: mmoja anachora, mmoja anaandika programu, mmoja anatengeneza mlio wa injini, na huyo huyo ndiye anayetumwa mkate. Baadaye zikakua, siku hizi kuna mtu kazi yake ni miti tu, na mwingine matairi tu. "Sisi," akasema, "mti ni wewe na tairi ni wewe." Nilitaka tuchore pikipiki, maana ndizo zinazotawala barabara zetu. Akakataa. Pikipiki inalala kwenye kona, inadai picha nyingi. Gari ukilitazama kwa nyuma ni sanduku.

Barabara yetu ilitoka Ifakara kwenda Mang'ula. Milima ya Udzungwa kushoto, mpunga na miwa kulia, na daraja dogo mwishoni. Niliweka na ng'ombe wanaovuka. Picha ya ng'ombe niliitoa mtandaoni, nikaipunguza, nikaridhika nayo kwa namna ambayo si kawaida yangu.

Ndivyo nilivyomfahamu Masanja. Alikuwa kijana wa boda wa kijiwe cha jirani, mwana wa wafugaji waliohamia bondeni na mifugo yao akiwa angali mtoto. Alisimama nyuma yangu na kofia ngumu mkononi, akatazama ng'ombe wangu wakivuka.

"Dada, hawa nini?"

"Ng'ombe."

"Nundu zao zimekwenda wapi?"

Nikaangalia. Kweli hawakuwa na nundu. Walikuwa weupe wenye mabaka meusi, wanene, wa nchi za baridi.

"Hawa ni mbuzi waliovimba," akasema Masanja. "Na wanavuka mmoja mmoja kama wanafunzi wanaokwenda mstarini. Ng'ombe hana adabu hiyo. Baba akiwaona hawa atakuuliza umewalisha nini."

Niliwachora upya, yeye akiwa ameketi kando akinielekeza nundu ikae wapi. Tangu siku hiyo alikuwa akija kila kazi inapopungua, na haikuchukua muda akawa bingwa wa chumba. Jumamosi tulikuwa na mashindano. Watu walijaa mpaka dirishani kumwona Masanja akishinda kwenye daraja la mwisho. Alikuwa akishinda kwa urefu wa pua. Daima kwa urefu wa pua. Dismas aliibandika ukutani picha yake aliyompiga mbele ya kitambaa cha bluu, hatabasamu.

Sasa niwaambie kuhusu kamba.

Magari ya wapinzani katika gemu yetu hayakuwa na akili. Yalikuwa na kamba. Hatukuibuni sisi, Dismas aliikuta Dar, na huko waliikuta kwa waliowatangulia. Ni mistari michache ya programu inayosema: mchezaji akiachwa mbali, walio mbele wapunguze mwendo, mchezaji akitangulia sana, walio nyuma waongeze. Wote wamefungwa kwake kwa kamba ya mpira. Bila kamba, anayejifunza anaachwa kwenye kona ya kwanza na haoni gari jingine mpaka mwisho. Anainuka, haji tena. Ukiweka kamba, kila mbio zinakuwa za roho juu.

Nilimuuliza Dismas wakati ule, "Huku si kumdanganya mtu?"

"Ni chumvi," akasema. "Umewahi kuona mpishi anamtangazia mgeni kiasi cha chumvi?"

Jibu lilinitosha. Niliiandika kamba kwa mkono wangu, nikaipima, nikailegeza hapa na kuikaza pale, na kusema kweli ilikuwa kazi nzuri. Niliikaza zaidi kwenye kona ya mwisho kabla ya daraja, ili mwisho uwe mtamu.

Lakini kabla ya kurudi kwa Masanja kuna habari ya majani, na bila hiyo swali langu halieleweki.

Kulikuwa na sehemu moja ya barabara, baada ya kijiji cha kwanza, ambapo kila mchezaji alipunguza mwendo. Kila mmoja, hata Masanja. Hapakuwa na kona, hapakuwa na ng'ombe. Nilidhani nimekosea hesabu ya kasi. Niliifungua programu, nikaipitia mstari kwa mstari, nikaiandika upya sehemu nzima ya mwendo. Wakaendelea kupunguza. Nilimwambia Dismas labda kompyuta zinachoka zikifika pale. Nikazibadilishia feni. Sikula vizuri siku zile. Mama alidhani nina malaria akanipeleka nikapimwe.

Mwishowe nikaketi mimi kucheza, macho yakiwa kwenye mkono wangu badala ya kioo. Nikafika pale. Nikaona mwenyewe: kidole changu kilijiinua kutoka kitufe cha mafuta. Sikukiambia. Kilijiinua.

Nikatazama kioo. Vichaka vyangu vya kando ya barabara, kwa kosa dogo la kupanga nani yuko mbele na nani yuko nyuma, kimoja kilikuwa kimehamia katikati ya lami. Majani mabichi yamelala barabarani.

Ninyi nyote mnajua maana yake. Lori likiharibika, utingo anakata matawi anayapanga nyuma yake ili wanaokuja wapunguze. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tumelijua tukiwa tumepakatwa na mama zetu ndani ya basi, tukiona dereva anaondoa mguu. Nilikuwa nimelitafuta kosa kwenye hesabu, na kumbe watu walikuwa wanaogopa lori ambalo sikulichora.

Dismas alicheka hadi akashika meza. "Basi waletee lori lao," akasema. Tukalichora, limeinamia upande, utingo ameketi kwenye kivuli chake. Likawa kitu kilichopendwa kuliko vyote katika gemu ile. Watu walikuwa wakilipita wanampungia mkono utingo.

Jambo lile lilinifurahisha muda mrefu. Barabara ya kweli ilikuwa imeingia ndani ya gemu bila kubisha hodi, imepitia vidoleni mwetu. Sikuwaza kwamba mlango unaoingiza ndio unaotoa.

Niliwaza hilo nikiwa nyuma ya pikipiki ya Masanja. Ilikuwa jioni, ananipeleka nyumbani, na alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Akaniambia Jumapili ana mbio na kijana mmoja wa Mang'ula. Mbio za kweli, kwenye lami, mwisho darajani. Kijiwe kitakachoshindwa kitaosha pikipiki za wenzao wote mtoni, watu wakitazama.

"Yule ana pikipiki mpya, Masanja," nikasema.

"Najua. Ataniacha mwanzoni." Akageuza kichwa nusu, upepo ukayachukua maneno mengine, akayarudia. "Lakini gemu yako imenifundisha kitu, dada Editha. Wa mbele huwa anachoka. Ukimkazania mapema unajimaliza bure. Wewe mwache aende. Kwenye kona ya mwisho anarudi mwenyewe, unampitia kwa ndani."

"Anarudi mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Si umeniona?"

Nilimwona. Nilikuwa nimeiandika kona ile.

Sasa mnaelewa swali. Na mnielewe pia kwa nini halikuwa jepesi. Upande mmoja nilijiambia: Editha, usijitukuze. Huyu anaendesha kila siku, kwenye tope na kwenye vumbi, amebeba magunia na wagonjwa. Anajua breki kwa unyayo. Wewe hata baiskeli unaisukuma. Ni dharau kudhani mtu mzima kama huyu hajui tofauti ya lami na picha ya mkeka. Na tena gemu ni ya magari, yeye ana pikipiki. Labda alikuwa anatania. Labda ni maneno tu ya kijiweni. Upande wa pili kulikuwa na kidole changu, kikijiinua juu ya majani yasiyokuwepo. Mimi nina digrii, nililichora jani lile mwenyewe, na bado kidole hakikuniuliza. Yeye kidole chake kimejifunza nini, Jumamosi zote zile, kwenye kona ile? Kimejifunza kuingia ndani bila kupunguza, kwa sababu aliye mbele daima anampisha.

Nikaongeza na mengine, kwa maana akili yangu haijui kuacha nafasi wazi. Nikimwambia, nitamvua ubingwa mbele ya watu. Nikimwambia akadhani ninamwonea wivu? Nikimwambia asiniamini, akaenda kwa hasira, hiyo si mbaya zaidi?

Swali hilo nilimpelekea Dismas. Alikuwa anasafisha vitufe kwa mswaki wa zamani, kazi aliyoipenda.

"Masanja ana mke na mtoto," akasema. "Unadhani hajui gemu ni gemu?"

"Mimi niliachia mafuta kwa sababu ya majani, kaka."

Mswaki ukasimama.

"Ukimwambia mmoja umewaambia wote," akasema baadaye, taratibu. "Kijiwe hakina siri. Jumamosi watakuja kutazama nini? Bingwa aliyekuwa anapishwa?"

"Kwa hiyo nisimwambie?"

"Mimi sijakukataza. Nimekueleza kitakachotokea." Akapuliza vumbi. "Na usinitake nikuamulie. Umekuwa ukinitaka nikuamulie tangu siku ya shikamoo."

Hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimezoea kuwaza mpaka jambo lijiishe lenyewe: barua ikapitwa na tarehe, mvua ikanyesha kabla sijaamua kuanika. Nilikuwa nikiita hali hiyo uangalifu. Safari hii, jambo likijiisha lenyewe, litaishia darajani.

Ijumaa mchana joto lilikuwa limewafukuza watu wote chumbani. Masanja akaja kufanya mazoezi. Akaweka kofia yake mezani, akaketi kwenye mashine yake, ile ya pembeni ambayo wengine hawakuthubutu kuikalia. Dismas alikuwa mlangoni anampiga picha mama mmoja aliyehitaji kitambulisho.

"Masanja," nikasema. "Leo cheza kama kawaida. Ukikaribia kona ya mwisho, achia vitufe."

"Niachie?"

"Vyote. Simama kabisa."

"Nitaachwa."

"Achia tu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mganga asiyeeleweka, lakini akaanza. Akalipita lori, akampungia utingo mkono kwa mazoea. Ng'ombe wenye nundu wakavuka. Magari matatu yalikuwa mbele yake, na ya mbele zaidi yalikuwa madogo kama punje. Kona ya mwisho ikatokea. Akanitazama mara moja, akainua mikono yote miwili, kama mtu aliyesimamishwa na askari.

Gari lake likapunguza mwendo, likasimama. Mistari ya barabara ikatulia. Na kule mbele, magari matatu yaliyokuwa yakikimbia yakaanza kupunguza. Yakapunguza zaidi. Yakawa yanatambaa karibu na daraja, moja nyuma ya jingine, barabara nzima iko wazi mbele yao na hayaendi.

Masanja akakisogelea kioo. Akagusa kitufe kidogo tu, gari lake likasogea hatua. Na yale matatu yakasogea. Akaachia, yakalegea. Akafanya hivyo mara kadhaa, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza injini yenye kasoro.

"Yananisubiri," akasema.

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote. Niliyafunga kamba. Kila mtu anafungiwa, si wewe peke yako. Lakini pale kwenye kona niliikaza zaidi."

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye sehemu ya kwanza na ya pili. Sikuyatoa. Alikuwa amegeuka anaitazama picha yake ukutani. Nikadhani atainuka aondoke. Mlangoni Dismas alikuwa ameshusha kamera. Yule mama akauliza kama picha imekwisha.

"Na yule wa Mang'ula," akasema Masanja, akitazama kioo tena, "hana kamba."

"Hana."

Kisha akatoa simu, akaishika muda, akairudisha mfukoni. "Jumapili nina abiria," akasema. "Nilikuwa nimesahau. Mama mmoja wa Lipangalala, nampeleka misa ya pili halafu namsubiri."

Hapakuwa na mama wa Lipangalala. Nilijua, naye alijua ninajua, na Dismas, aliyekuwa akijua kuliko sisi sote ukweli ule utakigharimu nini chumba chetu, akasema kutoka mlangoni, "Hao akina mama wa misa ya pili hawataki kucheleweshwa." Kisha akainua kamera, akamwomba yule mama anyooshe shingo.

"Sasa nionyeshe ya kweli," Masanja akaniambia.

Hapo sikufikiri. Nawaambia kwa sababu ni mara chache naweza kusema hivyo. Niliivuta kibodi kwangu, nikaifungua programu, nikaitafuta ile mistari niliyoipima kwa upendo mwingi, nikaifuta yote. Sikuhifadhi nakala. Nikaiwasha gemu upya, nikamrudishia kibodi.

Aliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alipunguza penye majani, akakata kona kwa adabu, hakukosea popote. Na magari matatu yaliyokuwa mbele yake yakapanda daraja, yakawa madogo, yakaenda zao.